Sauti Waliyoiondoa

Jumamosi moja ya Februari 2024, kituo cha mabasi cha Kaloor, mjini Ernakulam, kilikuwa kimefurika watu mpaka barabarani. Makondakta walikuwa wakiita abiria wa Aluva na wa Kakkanad kwa sauti zilizokauka, na katikati ya zogo lile mwanamke mmoja alikuwa akigombana na dereva wa bajaji.

"Hiyo bei ni ya kwenda Palarivattom tu? Kaka, nakodi bajaji au nainunua?"

"Dada, kuna foleni."

"Foleni imezaliwa leo? Washa mita."

"Mita imekufa."

"Pole sana kwa msiba. Sasa izike, tuongee bei ya watu wazima."

Abiria waliokuwa karibu waliangua kicheko. Lakini kijana mmoja aliyekuwa akinywa chai kwenye kibanda cha pembeni hakucheka. Alibaki ameshika glasi hewani kama aliyeitwa jina lake. Aliitwa Shinoj, alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, ndevu zake alizipunguza pale tu mama yake alipolalamika, na kazi yake ilikuwa kuhariri sauti za sinema. Ile sauti aliijua. Kwa miaka minne ilikuwa ikimfikia kutoka studio nyingine, akiisafisha, akiikata pumzi zake, akiiweka kwenye midomo ya waigizaji. Mwenye sauti hakuwahi kumwona hata siku moja.

Aliweka glasi chini akamfuata.

"Samahani, dada. Wewe ni muuguzi?"

Mwanamke yule aligeuka. Alivaa gauni la rangi ya haradali juu ya suruali nyeupe, nywele amezisuka msuko mmoja mrefu ulioloa mafuta, mwavuli kwapani ingawa mvua ilikuwa mbali. "Hapana. Kuna mgonjwa?"

"Mwezi wa kumi na moja ulikuwa muuguzi. Kabla ya hapo ulikuwa mke wa mwenye duka. Mwaka juzi ulikufa kwenye mafuriko. Ulisema 'mshikeni mtoto' mara nne, nikachagua ile ya tatu."

Mwanamke alivuta mkoba wake kifuani. "Wewe ni polisi au mwendawazimu?"

"Mhariri wa sauti."

"Aa," akasema, mabega yakashuka. "Kumbe ni wewe. Wewe ndiye uliyekata kilio changu kwenye ile ya mafuriko! Nililia mpaka koo likavimba, nimekwenda ukumbini nasikia 'hii' moja tu, halafu muziki!"

"Muziki haukuwa kazi yangu."

"Kila mtu pale studio husema hivyo."

Dereva wa bajaji alipiga honi. "Mnapanda au mnafanya mkutano?"

Hawakupanda. Walikunywa chai wakala ndizi za kukaanga kwenye kibanda kilekile, na Shinoj akapata jina la sauti aliyoishi nayo miaka yote ile: Haritha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, alikaa Aluva na mama yake, na kazi yake ilikuwa kuingiza sauti kwa waigizaji wadogowadogo wasioijua vizuri lugha au wasio na muda wa kurudi studio.

"Watu wanakusikia kila wiki," Shinoj alisema.

"Wananisikia, ndiyo. Nikipanda basi hakuna anayenipisha kiti."

Mwaka ule sinema za Kimalayalam zilifanya maajabu. Kila Ijumaa kulikuwa na filamu mpya na kila Ijumaa kumbi zilijaa. Habari zikaja kwamba hata Chennai na Bengaluru vijana wasiojua neno moja la lugha yetu walikuwa wakipanga foleni, wakitoka nje wakiimba nyimbo kwa kubahatisha. Mafundi waliokuwa wakikaa bure miezi mitatu sasa hawakupata nafasi ya kunyoa.

Kwa Haritha na Shinoj, mwaka huo ulikuwa wa viti viwili vya nyuma. Walikwenda kila filamu iliyotoka. Walikuwa na mchezo wao: taa zikizimwa, wanakisia ni mwigizaji yupi anasema kwa sauti yake na yupi amepewa ya mwingine.

"Huyo shangazi ni Molly wa Thripunithura," Haritha alinong'ona siku moja.

"Siyo."

"Ni yeye. Anavyovuta pua navijua kuliko wewe unavyojua kutia chumvi."

"Chumvi imeingiaje hapa?"

"Ule mchuzi wa samaki ulionipikia juzi. Nilikula kwa mapenzi tu, wewe bwana."

Shinoj aligeuka gizani. "Kwa nini?"

"Tazama sinema."

"Haritha, umesema kwa nini?"

"Nimesema kwa njaa. Tazama mbele, watu wamelipa."

Mtu wa kiti cha mbele akawanyamazisha, nao wakacheka wakiwa wamezibana midomo mpaka machozi.

Mama yake Haritha aliitwa Omana. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani kwa miaka ishirini, akizunguka na kundi la tamthilia kwenye sikukuu za mahekalu na makanisa, kutoka Kollam mpaka Kannur. Sasa alikuwa na miaka sitini na saba na masikio yalikuwa yakimwacha polepole. Ukitaka kusema naye ulikaa upande wa kulia ukapaza sauti. Alikuwa na hamu moja tu, na aliisema kila siku kama dua.

"Mwanangu, nataka nikusikie wewe ndiye mwenye hadithi. Siyo jirani, siyo muuguzi. Uanze mwanzo, umalize mwisho. Kabla masikio haya hayajafunga mlango."

Mwezi wa Aprili Shinoj alipata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Mwongozaji aitwaye Sajan Kurian alikuwa amepiga picha za filamu juu ya bibi harusi aliyeletwa kutoka mbali mpaka familia moja ya wilaya ya Kottayam. Aliyeigiza alikuwa msichana mpya kutoka Bengaluru, Anvita, ambaye Kimalayalam chake kilikuwa cha miezi mitatu. Ilitafutwa sauti. Shinoj akataja jina moja tu. Haritha akaenda kujaribiwa, na kabla hajafika kwenye ukurasa wa pili Sajan akasema imetosha, huyu ndiye.

Alimpigia Shinoj simu akiwa bado kwenye ngazi.

"Nimepata! Umesikia? Mwanzo mpaka mwisho!"

"Nimesikia. Mtaa mzima umesikia."

"Chetta," akasema.

Hakuwahi kumwita hivyo. Ni neno la kaka mkubwa, lakini mwanamke wa kwetu akimwita hivyo mwanamume asiye ndugu yake, kwa sauti ile, amekwisha kuchagua.

"Rudia," Shinoj alisema.

"Sirudii. Ulipaswa kurekodi."

Mwezi wa Juni, mvua ikipiga mabati ya Kakkanad, walirekodi siku kumi na moja. Haritha alisimama upande wa pili wa kioo, maiki mbele, hedfoni masikioni, skafu imefungwa kiunoni kama anayekwenda kuchota maji. Shinoj alikaa kwenye mitambo. Kulikuwa na tukio moja ambapo bibi harusi anapewa habari ya kifo cha baba yake akiwa jikoni, na hana mtu wa kumlilia kwa lugha yake. Haritha alililia mara saba. Ya mwisho ilipoisha, Shinoj alivua hedfoni, akabonyeza kitufe cha kusema naye.

"Vipi? Mbaya?" aliuliza Haritha kupitia kioo, akifuta pua.

"Nzuri."

"Basi mbona sura kama umefiwa wewe?"

"Baada ya sikukuu ya Onam nitakuja kwenu na mjomba wangu. Mwambie mama."

Haritha alitazama huku na huku kama kuna mtu mwingine studio. "Unaniposa kwenye maiki?"

"Ndipo mahali unaponisikiliza bila kunikatiza."

"Nitakukatiza tu. Njoo. Lakini mjomba asije na yale maneno yake ya siasa."

Filamu ilipangwa kutoka Ijumaa ya wiki ya Onam, sikukuu ya mavuno, mwezi wa Septemba. Wiki tatu kabla, Sajan Kurian aliingia chumba cha kuchanganyia sauti, akavuta kiti, akamwomba Shinoj amwekee lile tukio la jikoni, lakini kwa sauti ya Anvita mwenyewe, ile iliyonaswa siku ya kupiga picha.

Shinoj aliiweka. Lugha ilikuwa imevunjika vipandevipande. Maneno mawili yalikosewa kabisa. Anvita alikuwa akitafuta neno "baba" kwa lugha isiyo yake na halikuja upesi, na katika kule kutafuta kulikuwa na kitu ambacho hakiwezi kufanywa studio. Sajan alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Niambie kweli," alisema. "Siyo kama rafiki. Kama fundi."

Shinoj aliirudisha mwanzo, akaisikiliza tena. "Ya Anvita," akasema.

"Filamu nzima?"

"Filamu nzima. Ukichanganya, watu watajua."

"Haritha nitampigia mimi mwenyewe. Ni haki yake aisikie kwangu."

Hakupiga. Mara ya kwanza alisema amesahau, mara ya pili alisema simu haikushika, na siku nne kabla ya filamu kutoka alimgonga Shinoj begani akasema, "Mwambie wewe, bwana. Nyie mko karibu, kwako atapokea vizuri."

Jioni ile Shinoj alipiga simu akiwa amesimama chini ya mti wa kando ya barabara.

"Haritha, kuna jambo."

"Ngoja kwanza, mimi ndiye mwenye jambo! Nimepata tiketi kumi na moja. Kumi na moja! Mama, mama mdogo na watoto wake, na wale wanawake watatu aliokuwa nao kwenye tamthilia. Mmoja anatoka Alappuzha na basi la alfajiri, mguu wenyewe mbovu. Mama ameshanunua asumini ya kuweka kichwani, iko kwenye friji karibu na samaki, itanuka nini sijui."

"Haritha..."

"Na amepiga pasi ile sari ya hariri, ya harusi ya dada yake. Chetta, sijamwona hivi tangu baba afariki. Haya, sema. Jambo gani?"

Shinoj alitazama magari yanavyopita.

"Hakuna. Nitakuambia kesho."

"Unanitisha. Ni mjomba?"

"Ndiyo," Shinoj alisema. "Ni mjomba tu."

Kesho ilifika na hakusema. Keshokutwa alisafiri Chennai kukabidhi kazi, akajiambia kwamba jambo kama lile halisemwi kwenye simu. Ijumaa alikuwa bado huko.

Kwa hiyo saa nne asubuhi ya Ijumaa, Haritha aliingia ukumbini Ernakulam na watu kumi nyuma yake. Alivaa sari nyeupe yenye pindo la dhahabu, mama yake hariri ya rangi ya zambarau na asumini kichwani. Bi Omana aliketi akiwa amegeuza sikio la kulia kwenye skrini. Taa zikazimwa. Bibi harusi akashuka kwenye gari mbele ya nyumba ya wakwe, akafungua mdomo.

Haikuwa sauti yake.

Haritha alidhani ni kosa la mitambo. Alingoja lirekebishwe. Sentensi ya pili ikaja, ya tatu, lafudhi ya ugenini, nzito, inayojikwaa. Kisha mama yake akamshika goti.

"Umegeuza na lafudhi!" Bi Omana alimwambia kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, na safu nzima ikageuka. "Mwanangu, nisingekujua! Hivyo ndivyo anavyofanya msanii!"

Haritha alifungua mdomo. Aliwaona wale wanawake watatu wa zamani wakimtazama kwa macho yaliyolowa, akauona mguu mbovu ulionyooshwa kwenye njia ya kupita. Akaufunga mdomo wake. Kwa saa mbili na nusu alikaa gizani akipokea sifa za mtu mwingine. Lilipofika tukio la jikoni ukumbi mzima ulilia, na mama yake alilia kuliko wote, akirudia kwa kila aliyeketi karibu, "Ni binti yangu huyo. Ni binti yangu."

Haritha alimpigia Shinoj simu akiwa chooni, bomba la maji ameliacha wazi ili asisikike nje.

"Ulijua?"

"Haritha, nilitaka..."

"Nakuuliza neno moja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," alisema Haritha. "Tumekula pamoja mara ngapi katika wiki tatu? Nilikuhesabia tiketi kumi na moja ukanisikiliza! Nani alichagua? Sajan?"

Shinoj angeweza kusema ndiyo. Hapo angalau hakudanganya. "Aliniuliza mimi. Nikamwambia ya Anvita."

Haritha alifunga bomba.

"Mama yangu ananingoja nje nimpeleke kula," Haritha alisema. "Anataka wali wa sikukuu kwenye jani la mgomba, anasema leo ni Onam yake. Usinipigie tena."

Filamu ile ikawa miongoni mwa zilizopendwa sana mwaka ule. Wachambuzi waliandika juu ya sauti ya bibi harusi, kwamba ni ya kweli, kwamba inaumiza. Shinoj alipongezwa na watu ambao zamani hawakumjibu salamu. Alipiga simu Aluva kila siku kwa wiki tano. Haikupokelewa hata moja.

Jumapili moja ya Oktoba alijifunga shuka nyeupe kiunoni, akavaa shati lililopigwa pasi, akapanda treni mpaka Aluva. Njiani alijiapiza jambo moja: kuficha ndiko kulikomharibia, hataficha tena kitu chochote maishani mwake. Hakujua kwamba Haritha hakumwambia mama yake neno.

Bi Omana alikuwa peke yake nyumbani. Alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha upande wake wa kulia, akaleta chai ya maziwa na ndizi zilizokaushwa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema, akimtazama kama anayetazama picha. "Wewe ndiye uliyeikamata sauti ya mwanangu. Nimekwenda mara tatu, unajua? Mara ya tatu nimempeleka mke wa daktari."

Shinoj aliweka glasi chini. Hapo ndipo alipoelewa. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kunywa chai yake, akasifu ndizi, akaondoka. Alikumbuka kiapo chake cha kwenye treni.

"Mama," alisema, kwa sauti kubwa ili asikie, "ile sauti haikuwa ya Haritha."

"Unasemaje?"

"Tuliiondoa. Ni ya Anvita mwenyewe. Nilishauri mimi. Nimekuja kuomba radhi."

Bi Omana alimtazama midomo, kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Aliyelia jikoni?"

"Ni Anvita."

"Mwanangu alikaa pembeni yangu," alisema polepole. "Mpaka mwisho. Nikawa nampigapiga goti." Akamsogezea glasi. "Kunywa chai, baba. Inapoa."

Haritha alirudi na mfuko wa mboga, akawakuta hivyo. Hakuhitaji kuambiwa. Aliweka mfuko chini, akamtoa Shinoj mpaka getini, na majirani waliokuwa wakianika nguo waliacha kuanika.

"Siku ya kusema ulinyamaza," alisema, sauti haikupanda hata kidogo. "Siku ya kunyamaza umesema. Nilimwachia kitu kimoja tu, Shinoj. Kimoja. Nilikuwa nimekwisha kukimeza mimi, kikakaa. Ulikuja kukichukua cha nini?"

"Sikutaka kuficha tena."

"Hukutaka kuumia tena. Siyo kitu kimoja."

Wiki zilizofuata Bi Omana hakutoka kwenda hekaluni jioni. Mke wa daktari alipouliza, aliambiwa ni magoti.

Desemba ilipoanza, kila gazeti lilikuwa likihesabu filamu za mwaka na kusema hapajawahi kuwa na mwaka kama ule. Shinoj alikuwa amechoka kuusikia. Siku moja simu yake iliita, namba ya Aluva.

"Kijana," ilisema sauti kubwa. "Ile sauti ya mwanangu mliitupa, au mnayo?"

"Ipo, mama."

"Nimevaa mashine za masikio sasa. Nasikia mpaka mjusi. Haritha anaondoka, amepata kazi ya redio Sharjah, kusoma habari na kuwasalimu watu wetu walioko huko. Nataka niisikie kabla hajaenda. Naye akae hapohapo. Nimechoka kukaa na mtu anayelia bafuni."

Shinoj alikwenda kwa Sajan Kurian. Sajan, ambaye tangu Onam alikuwa akikwepa kutajiwa jina la Haritha, alikubali kabla Shinoj hajamaliza kuomba. Aliweka sharti moja: mwenye filamu hakutaka kuwe na toleo la pili popote. Wakishaisikia, kila kitu cha Haritha kifutwe siku hiyohiyo.

Shinoj alifanya kazi siku nne. Aliirudisha sauti ya Haritha kwenye kila sentensi, akaipangia pumzi zake zote, hata zile ambazo zamani angezikata.

Jumapili asubuhi Haritha na mama yake wakaja studio. Haritha alikuwa amevaa gauni la bluu lisilo na mapambo, nywele amezikata mpaka mabegani. Alisalimia kwa kichwa. Bi Omana alikaa katikati ya chumba, mashine mbili ndogo zikimeta nyuma ya masikio, na Shinoj akawasha filamu. Bibi harusi alishuka kwenye gari akasema kwa sauti ya Haritha. Alitania wakwe zake kwa sauti ya Haritha. Alipocheka na mumewe kisimani, Bi Omana alicheka naye. Jikoni, ilipokuja habari ya baba, Haritha aliinama akajitazama vidole vya miguu.

Taa ziliwashwa. Bi Omana alijifuta uso kwa pindo la sari, akatengeneza mgongo, na ghafla hakuwa mama wa mtu, alikuwa mwigizaji wa miaka ishirini jukwaani.

"Yule msichana alilia vizuri zaidi," alisema. "Wewe ulilia kwa lugha unayoijua." Akamshika bintiye kidevu. "Lakini kwa kucheka hawezi kukufikia hata robo. Kile kicheko ni changu, nakijua. Sasa nimekusikia. Imetosha."

Alitoka nje taratibu akaenda kumtafuta dereva wa bajaji, akawaacha.

"Ulichagua sawa," Haritha alisema, bado akitazama skrini iliyozimika.

"Sikuhitaji uniambie."

"Nilihitaji kulisema. Ungeniambia siku ileile, unajua ningefanya nini? Ningekutukana. Ningelia siku mbili. Siku ya tatu ningekununulia chai, na tiketi nisingenunua hata moja."

"Haritha, usiende."

"Visa imetoka."

"Basi nije. Mafundi wanahitajika huko pia. Au nikungoje. Nioe, nikuoe, vyovyote unavyotaka kulisema. Mjomba bado yuko tayari, nimemkataza siasa."

Haritha alicheka, na ni kile kicheko cha kisimani, kisha kikamkatikia.

"Chetta," alisema, na Shinoj akajua kwa jinsi alivyolisema kwamba safari hii lilikuwa neno la kaka tu. "Nimejaribu. Nimekaa nikajichorea kichwani nyumba yetu, wewe umerudi kazini, umekaa kimya kwa sababu umechoka tu. Na mimi jikoni nauliza, ananificha nini? Kila siku. Ningekuchosha. Ningejichosha."

"Ningesema kila kitu."

"Najua. Hilo nalo naliogopa."

Nje, Bi Omana alikuwa akibishana na dereva kuhusu mita, akifurahia kusikia kila anachojibiwa. Haritha alichukua mkoba wake. Akatoka, akapanda bajaji na mama yake. Alisafiri Jumatano iliyofuata.

Jumapili ileile, walipokwisha kuondoka, Shinoj alirudi kwenye mitambo. Aliyachagua mafaili yote yenye jina la Haritha, siku kumi na moja za mvua ya Juni, mia tatu na kitu. Alifungua moja tu, la kisimani, akavaa hedfoni, akalisikiliza mara moja mpaka mwisho, pamoja na pumzi iliyokuja baada ya kicheko.

Alipobonyeza kufuta yote, kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

Alikaa pale mpaka chai ya mchana ikaletwa na kupoa. Halafu akafuta.